Vile vipande vya urani vinazunguka, na mi nilifundisha kwamba havizunguki

Mhariri,

Salaam kutoka Uyole, huku baridi ya mwezi wa saba imetukamata vizuri mpaka asubuhi chaki inaponyoka kwenye vidole. Naandika kuhusu ile makala mliyoitoa juu ya urani ya Namtumbo, ya kule Mto Mkuju. Makala yenyewe nimeipenda na sina ugomvi nayo, shida yangu ni mchoro mliouweka pembeni, ule wa kiini cha urani kinavyopasuka, duara kubwa, nyutroni inaingia, afu vidude viwili vinatoka kimoja kushoto kingine kulia na mishale imenyooka kama rula. Ni mchoro uleule ambao mi nimeuchora ubaoni miaka 19 sasa, na una pungufu moja kubwa, na hilo pungufu nimelifundisha kwa mdomo wangu mwenyewe ndo maana nimeshindwa kunyamaza.

Iko hivi. Mwaka 2014 nilikuwa na form siksi ya PCM, tumefika kwenye nyuklia, nimemaliza kuchora huo mchoro nafuta mikono kwenye koti, binti mmoja wa kutoka Chunya aliyekuwa anakaa dirishani, mkimya sana yule, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hivyo vipande vikitoka vinaenda tu au vinazunguka?" Nikamjibu palepale bila kufikiria, haviwezi kuzunguka, kiini mama hakikuwa kinazunguka, kwahiyo kwa kanuni ya kutunza momentamu ya mzunguko watoto hawana pa kuutoa huo mzunguko. Akainama akaandika kwenye daftari. Hicho ndo kinaniuma mpaka leo, kwamba aliandika.

Vinazunguka, Mhariri. Kila kipande kinatoka kinazunguka, na sio kidogo.

Niligundua mwaka 2021, nimekaa stendi ya Nane Nane nasubiri gari, napekua simu, nakutana na habari ya utafiti uliotoka mwezi wa pili mwaka huo kwenye jarida la Nature, ukiongozwa na Jonathan Wilson wa maabara ya Orsay kule Ufaransa. Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa, nikarudia, gari likaja likaondoka na mi bado nimekaa. Kumbe kuzunguka kwenyewe hata sio habari mpya, watu walishapima tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakitumia kalifoniamu 252, kitu ambacho kinapasuka chenyewe bila kugongwa na nyutroni yoyote, na wakakuta vipande vyake vina mzunguko wa wastani kama hatua saba hivi. Nikisema hatua namaanisha kipimo cha Planck, maana kwenye dunia ya kiini mzunguko hauji kwa kumiminika kama maji, unakuja kwa vipande vidogo vidogo vya kuhesabika. Na kalifoniamu 252 ikiwa imetulia ina hatua ngapi? Sifuri. Mama katulia kabisa, watoto wote wawili wanatoka wanazunguka. Utafiti wa 2021 haukuuliza kama vinazunguka, uliuliza wameutoa wapi huo mzunguko, kabla ya kukatika au baada.

Kwanza niisafishe ile kanuni, kwa sababu nisingependa mwanafunzi asome hii barua akadhani kanuni imevunjwa. Haijavunjwa, mi ndo nilikuwa nimeishika nusu. Kanuni inasema jumla ibaki sifuri, haijasema kila mmoja awe sifuri. Waliowahi kufika Matema ziwani watanielewa haraka. Chukua mitumbwi miwili imekaa ubavu kwa ubavu ila haijalingana, mmoja umetangulia nusu, yaani mbele ya huu wa nyuma imegusana na nyuma ya ule uliotangulia. Vijana wasukumane hapohapo penye kugusana. Kila mtumbwi unaondoka huku unageuka, na ukiangalia vizuri yote miwili inageukia upande mmoja, sio huu kushoto na ule kulia, hapana, upande mmoja. Mtu mwenye haraka kama mimi wa 2014 atasema hiyo haiwezekani, jumla imepanda kutoka sifuri. Lakini angalia njia zao, haikuachana kwenye mstari mmoja unaopita katikati yao, imepishana, na kule kupishana kwenyewe nako kuna mzunguko ndani yake unaoelekea upande wa pili na ndo unalipa deni lote. Vipande vya kiini navyo viko hivyohivyo, mzunguko wa kimoja na wa kingine na wa kupishana kwao, vitatu hivyo ukijumlisha unarudi sifuri yako.

Sasa kuna namna kadhaa za vitu viwili vilivyoshikana kuzunguka, na wanafizikia wamezipa majina, mi nazieleza darasani kwa vitu vya nyumbani. Ya kwanza ni kukamua blanketi. Huku kwetu blanketi ni zito, halikamuliwi na mtu mmoja, mnashika wawili kila mmoja upande wake, mnanyonga kinyume na mwenzako mpaka maji yanachuruzika. Hapo mhimili wa mzunguko uko kwenye urefu wa blanketi lenyewe. Ya pili ni kupinda, shika mwanzi mbichi wa ulanzi huku na huku uupinde katikati, mkono huu unageuka hivi na ule unageuka kinyume chake. Ya tatu ni ile ya mitumbwi, yote inageukia upande mmoja, hapo umbo zima linajinyonganyonga kama nyoka anayekata barabara.

Na vipimo vya zamani vilishaonyesha kitu kizuri, kwamba mhimili wa mzunguko wa vipande vingi umelala kukata njia wanayokimbilia, haujalala juu ya njia. Maana yake blanketi mchango wake ni mdogo. Kipande hakitoki kinazunguka kama risasi au kama keekee inayotoboa ubao, kinatoka kama tairi kuukuu ambalo watoto wa hapa Uyole wanalikimbiza na fimbo, linabingirika huku linaenda. Hii picha ya tairi naomba uishike, nitairudia mwishoni.

Kasi sasa. Kipande chepesi kinakimbia kama kilomita 14,000 kwa sekunde, kizito kama 10,000, na kila kimoja kinabingirika makumi ya milioni ya milioni ya milioni ya mara kwa sekunde. Najua hiyo namba haiingii kichwani, hata kwangu haijawahi kuingia, mi nawaambia tu wanafunzi waiandike 10 yenye kipeo cha 19 waiangalie.

Swali litakuja, umejuaje kitu kidogo hivyo kinazunguka hatua ngapi, nani amekiona? Hakuna aliyekiona, ila kinajisema chenyewe. Kipande kikishakatika kwanza kinatema nyutroni moja au mbili hivi kupunguza joto, afu kinabaki kinazunguka, na hakiwezi kusimama ghafla, kinashuka ngazi. Kila kikishuka kinatoa mwali mmoja wa gama, na kwenye viini vingi vya aina hii kila ngazi ni hatua mbili, kutoka nane kwenda sita, sita kwenda nne, nne kwenda mbili, mbili kwenda sifuri. Na kila aina ya kiini ina ngazi za urefu wake, kwahiyo gama zake zina nishati za kwake peke yake kama alama za kidole. Ukiwa na vipokeo vya germaniamu vimezunguka pande zote unanasa zile gama, unasema hiki kilikuwa bariamu, kile kilikuwa kriptoni, na hiki kimeanza kushuka kutoka ngazi ya ngapi. Ndo walichofanya Orsay, walipiga urani 238 na thoriamu 232 kwa nyutroni, wakaweka na kalifoniamu inayopasuka yenyewe, wakakusanya gama wiki na wiki.

Afu wakauliza swali ambalo ndo utamu wa jambo lote. Kama mzunguko unazaliwa wakati vipande bado vimeshikana shingo, yaani pale katikati panapokuwa pembamba kabla ya kukatika, si vitakuwa vinajuana? Ukikamua blanketi mwenzako lazima ahisi, ukiongeza nguvu naye anaongeza la sivyo linamponyoka. Kwahiyo ukichagua yale matukio ambayo kipande kimoja kina mzunguko mkubwa, ungetegemea mwenzake naye wastani wake ubadilike. Wakachagua hivyo, wakapima mwenzake. Haukubadilika. Huyu awe na mzunguko mkubwa awe na mdogo, mwenzake yuko palepale, kama vile hawajawahi kukutana.

Wakakuta na kitu cha pili. Ukipanga vipande kwa uzito kutoka chepesi mpaka kizito na kuchora mzunguko wa kila kimoja, hupati mstari wala mlima, unapata meno ya msumeno. Unapanda kadiri uzito unavyoongezeka, unaporomoka ukifika karibu na uzito wa 130, afu unapanda tena. Pale panapoporomoka ndipo ilipo bati 132, protoni 50 nyutroni 82, kiini kilichojaa vizuri kabisa, cha duara, kigumu, hakipendi kubadilika umbo, na chenye tabia hiyo hakipokei mzunguko kirahisi. Ndo maana unaweza ukakuta kipande kizito kinazunguka kidogo kuliko mwenzake mwepesi. Kama ungeniuliza zamani ningesema kikubwa kitazunguka zaidi, nacho kingekuwa kosa jingine la kuandikwa kwenye daftari la mtu.

Kutokana na hayo mawili kundi la Wilson likasema mzunguko unazaliwa baada ya shingo kukatika. Mi naielewa hii kwa donge la chapati. Mke wangu akigawa madonge anashika donge kubwa analivuta, linakuwa refu, katikati panakuwa pembamba, panakatika, na ukiangalia sekunde ileile baada ya kukatika yale mawili sio duara, kila moja lina mkia upande uliokatika, afu taratibu unajirudi. Kiini nacho kikikatika kila kipande kimevutika, na ile nguvu ya kujirudi kwenye umbo lake ndo inageuka kuwa joto na mzunguko, kila kimoja kwa wakati wake na kwa namna yake, hakuna wa kumuuliza mwenzake. Kilichovutika sana kinapata mzunguko mwingi, kilichokaribia duara kinapata kidogo, na ndo unapata yale meno ya msumeno.

Ingekuwa imeishia hapo ningeandika barua fupi. Lakini mwaka huohuo 2021 Jørgen Randrup na Ramona Vogt wa Marekani wakatoa hesabu zao wakasema jamani ngojeni, kutojuana sio ushahidi kwamba mzunguko umezaliwa baada ya kukatika. Wao wanasema kabla shingo haijakatika protoni na nyutroni zinapita shingoni kwenda na kurudi, kama mafundi wawili juu ya jengo wanarushiana tofali, na kila tofali linalodakwa linampa mdakaji kateke kidogo. Mateke ni mengi na yanakuja ovyo ovyo, yanaamsha ile namna ya mwanzi na ile ya mitumbwi kwa pamoja. Moja inawageuza kinyume, nyingine inawageuza upande mmoja, ukichanganya zote mbili zinafutana na unabaki na vipande ambavyo ukivipima vinaonekana havijuani, wakati vilizungushwa vikiwa bado vimeshikana. Yaani matokeo yaleyale ya Orsay yanaweza yakatoka kwenye hadithi iliyo kinyume. Nilipoielewa hiyo nilifunga simu nikatoka nje nikazunguka uwanja, nina ukweli kabisa, sikujua hoja moja inaweza ikageuzwa hivyo bila kugusa kipimo hata kimoja.

Na kuna Aurel Bulgac na wenzake wanaokokotoa tukio lote kwenye kompyuta kubwa tangu kiini kinaanza kuvutika mpaka kimekatika, wao wanaangalia pembe kati ya mizunguko miwili, kwa sababu ukubwa peke yake hautoshi, lazima ujue na kila kimoja kimeelekea wapi ukilinganisha na mwenzake. Hapo ndo ubishi ulipohamia. Usisahau na umeme wa kusukumana, vipande vyote viwili vina chaji chanya, vikiachana tu vinasukumana kwa nguvu kubwa mno, na kama kipande sio duara ule msukumo unakipa msokoto wa nyongeza. Kwahiyo hata wanaosema "kabla" wanakubali kuna ka-baada kidogo. Mi mwenyewe naegemea upande wa Randrup na Vogt, sababu yangu ni ya kimwalimu tu, napenda hesabu inayoeleza kwa nini kitu hakionekani. Ila nisingeweka pesa mezani.

Tukio lote la kukatika linachukua muda wa kama sekunde moja ukigawa kwa 1 yenye sifuri 21. Hapo hata mwanga unakuwa haujamaliza kuvuka atomu moja.

Kuna watu wataniambia mwalimu hiyo inatusaidia nini sisi wa Mbeya. Sawa, mtambo wa nyuklia unapata nishati kama 200 kwa kila kiini cha urani kinachopasuka, kwa kipimo kile cha milioni elektroni volti, na katika hizo karibu 7 zinatoka kwa zile gama za mwanzo, ambazo hazibaki pale kwenye urani, zinasafiri zinaenda kupasha vyuma na kuta za mbali kidogo. Na idadi ya gama inategemea vipande vilikuwa vinazunguka kiasi gani, maana ngazi ni nyingi au chache kulingana na ulipoanzia. Anayesanifu mtambo lazima aijue hiyo. Na sisi udongo wetu wa kusini una urani, watoto wetu kesho ndo watakaa kwenye hizo meza za kusanifu, wafike pale wakiwa na mchoro wangu wa mishale ya rula? Sitaki.

Hata historia ya jambo lenyewe ilianza kwa mtu kuambiwa haiwezekani. Desemba 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann kule Berlin walikuta bariamu kwenye urani waliyoipiga nyutroni, hawakuamini wenyewe, Hahn akamwandikia Lise Meitner ambaye alikuwa amekimbia Ujerumani miezi michache nyuma kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Krismasi hiyo mama yule yuko Kungälv, Sweden, anatembea kwenye theluji na mtoto wa ndugu yake Otto Frisch, wakakaa juu ya gogo, wakatoa vikaratasi, wakapiga hesabu kiini kikiwa kama tone la maji linalovutika shingo, wakapata zile 200. Juu ya gogo, Mhariri. Mi nina ubao, meza na koti, na nilimjibu mtoto kwa sekunde tatu.

Basi ombi langu ni dogo. Mkiuchora tena ule mchoro, na najua mtauchora maana habari za Namtumbo hazijaisha, mwambie mchoraji aache ile mishale miwili iliyonyooka lakini kwenye kila kipande aongeze mshale mwingine wa kujikunja, na aukunje kama tairi linalobingirika, asiukunje kama keekee. Na asichore vipande kama duara kamili, avipe kamkia upande uliokatika. Na kimoja kiwe kikubwa kidogo kuliko kingine, kwa sababu urani ni mara chache inagawanyika sawasawa. Kama hana nafasi ya kueleza, aweke tu, mtoto akiona atauliza.

Na yule binti wa Chunya, kama unasoma hapa, kama daftari bado unalo. Ni ule ukurasa wenye duara kubwa, chini yake kuna mstari mmoja uliouandika kwa kalamu ya bluu. Ukate. Andika juu yake: vinazunguka, hatua sita au saba kila kimoja, na bado wanabishana vimezungushwa lini. Mi niko shule ileile, darasa la mwisho karibu na miparachichi, ukipita Uyole ingia hata kama nina kipindi.

Mwalimu wa fizikia,
Uyole, Mbeya